Vyeti vya Puerto Calmo

"Hapana! Hiyo hapana, nimeshasema!"

"Wewe nani wa kusema hapana?" Polaco akapiga meza. Unga ukaruka. "Meza yangu, mchongo wangu, ravioli za mama mkwe wangu. Leta sababu, dogo. Kelele ninazo za kutosha nyumbani."

Ulises hakuleta sababu. Alileta kelele.

"Pigeni ile ya Almagro! Kompyuta za enzi za babu, mlango wa mbao, mlinzi kipofu..."

"Siyo kipofu," Chueco akasema kutoka kwenye gunia alilokalia. "Ana mtoto wa jicho."

"Si ndiyo hiyo hiyo!"

"Mwenye mtoto wa jicho anaona vivuli, bwana. Usimvunjie mtu heshima."

JUMATATU, SAA TANO ASUBUHI

Chumba cha nyuma, duka la pasta mbichi, mtaa wa Boedo. Joto la Januari. Feni inazungusha unga tu. Mbele dukani mama mkwe anauza tambi. Nyuma huku watu wanne wanapanga kuiba siri za vichaa. Hilo ni neno la Polaco, vichaa. Katika mji ambao mwizi, askari na muuza nyama kila mmoja ana kochi la kujilaza na mtaalamu wa akili wa kumsikiliza, neno hilo linamgusa kila mtu, kuanzia na yeye.

Polaco ndiye bosi. Shingo nene, nywele za rangi ya mahindi. Chueco ana miguu ya upinde na kazi halali: yuko kwenye kikosi cha mtaani cha umeme, anashuka kwenye mashimo ya barabarani, anakata na kurudisha. Ulises Barrientos ni wa kompyuta. Miaka ishirini na mbili, shule aliiacha, shule nayo haikumtafuta.

Wa nne ni Noemí Kaplún. Huyo hakuwa jambazi mpaka majuzi.

"Mmemaliza?" Noemí akauliza. Alikuwa amekaa wima, mkoba mapajani, kama yuko benki. "Maana mimi nimelipwa miaka mingi kusikiliza watu wanaokataa kusikia. Nimezoea. Ila sasa silipwi."

"Ongea, sista," akasema Polaco.

"Kliniki tatu za akili. Zote nimezikagua mimi, kwa mkono wangu. Almagro, Kliniki ya Mshikamano. Ukiiona unacheka. Haina cheti hata cha chanjo ya paka. Lakini mafaili yote yako kwenye mashine moja ambayo haijaungwa na kitu chochote, kwa sababu hela ya kuiunga haijapatikana tangu nianze kunywa kahawa. Huwezi kuiingilia. Lazima uibebe, na ni nzito kama friji. Halafu katibu wao hamwamini mtu. Alinizuia mlangoni na kitambulisho ninacho. Nilitamani kumbusu."

"Ya pili?"

"Bibi Zulema Fainberg, Villa Crespo. Miaka themanini, kochi moja, paka mmoja. Hana kompyuta, hana karatasi. Anachoambiwa kinaingia kichwani na kinabaki humo. Kwa sheria za siku hizi alitakiwa kufungiwa zamani. Kwa mwizi, hakuna cha kuiba."

"Zulema haguswi," akasema Polaco.

"Sijasema aguswe."

"Nasema tu. Haguswi."

Chueco akacheka mpaka gunia likalia. "Ni mtaalamu wake! Kila Jumatano! Miaka kumi na moja, na bado anapiga meza!"

"Ningekuwa siendi ningekupiga wewe," akasema Polaco, na akamaanisha. "Ya tatu."

Noemí akavuta pumzi. Hapo uso wake ukabadilika.

"Puerto Calmo. Mtaa wa Palermo. Marumaru mpaka chooni. Ukutani vyeti vitano vya usalama wa siri za wagonjwa, kwenye fremu, vimepigwa taa. Ndiyo rahisi kuliko zote. Unajua kwa nini? Kila mtu mle anadhani vile vyeti ndiyo ulinzi wenyewe. Neno la siri moja kwa wafanyakazi wote: jina la kliniki na mwaka. Januari madaktari wakienda ufukweni, wanalituma kwenye kundi la simu ili wa zamu asipate taabu. Kwenye kundi hilo yumo mpaka muuza sandwichi."

"Muuza sandwichi!" Chueco akapiga paja.

"Niliandika. Hawakurekebisha. Niliandika tena. Halafu kuna chumba cha mashine. Sikilizeni hapa, hapa mtu anaweza kuumia. Mlango wa sumaku. Umeme ukikatika, sumaku inaachia, mlango uko wazi. Mashine zina betri yake, zinaendelea. Kamera hazina, zinakufa. Umeme ukirudi, sumaku inakamata. Kwa nje unafungua na kadi. Kwa ndani kuna kitufe, na kile kitufe kimekufa tangu ripoti yangu ya kwanza. Aliye ndani haendi popote. Mwaka wa tatu nikamwambia Dokta Etchebarne mwenyewe, mwenye kliniki. Akanishika bega. 'Noemí mpenzi, nani ajifungie mle?' Nikakataa kusaini. Kampuni yangu ikatuma kijana mwingine, akasaini amesimama, kalamu ya kuazima. Mimi nikaambiwa nipumzike. Napumzika mpaka leo."

Mbele dukani mama mkwe alikuwa anamgombeza mtu juu ya jibini.

"Kwa hiyo," akasema Noemí, "mtungi wa kuzimia moto unakaa kwenye kizingiti, unashikilia mlango. Mtu asiuguse."

"Mtungi hauguswi, Zulema haguswi," akasema Chueco. "Kuna kinachoguswa kweli?"

"Wagonjwa hawaguswi pia," akasema Ulises. "Kama ni hiyo, basi hilo liapiwe. Hatufungui faili la mtu."

Polaco akaweka vidole viwili msalaba, akavibusu.

"Naapa. Tunachukua, tunamwonyesha Etchebarne, analipa, tunafuta. Hakuna anayesoma. Umeridhika, dogo?"

Ulises hakuridhika. Ila angesema nini? Kwamba dada yake Rocío anakwenda Puerto Calmo mara mbili kwa wiki? Kwamba kabla ya hapo alikuwa halali, hali, na mama yao alikuwa anaficha visu vya jikoni nyuma ya friji? Kwamba mle ndani Rocío alisema jambo ambalo nyumbani hajalisema mpaka leo? Ukilitamka hilo mbele ya Polaco umempa kamba. Afadhali uwemo kwenye mchongo, mkono juu ya kibodi, uhakikishe. Hivyo ndivyo alivyojidanganya.

"Nimeridhika," akasema.

ALHAMISI, SAA NANE KASORO MCHANA

Palermo inaungua. Nusu ya mji iko ufukweni. Waliobaki wanatembea kando ya kuta wakitafuta kivuli chembamba.

Chueco yuko kona, fulana ya kazini, kichwa ndani ya shimo la umeme. Kila siku ya joto mtaa fulani unazimika, hakuna atakayeuliza. Ila asichelewe kurudisha. Giza likizidi, majirani wanashuka na masufuria, wanagonga, wanawasha matairi katikati ya barabara, na masufuria yakianza, njagu hawako mbali.

Noemí akaingia wa kwanza. Nyuma yake Polaco, suti ya harusi, jasho mpaka kwenye soksi, bastola chini ya koti, termosi kwapani, ya maji moto ya mate, ile chai chungu ambayo mji mzima hauachi kuinywa. Mkaguzi bila termosi nani angemwamini? Wa mwisho Ulises na begi.

"Noemí!" Msichana wa mapokezi, Delfina, akanyanyuka. "Mungu wangu, nilisikia umeacha!"

"Niache niende wapi?"

"Ndiyo nilisema! Aliyetakiwa kutuambia yuko ufukweni, Mar del Plata, simu hapokei. Piteni, piteni. Chumba cha mashine?"

Noemí hakusogea.

"Hutaki kuona kitambulisho changu?"

"Kwani sikujui?"

"Na hawa wawili? Unawajua?"

"Si wako na wewe?"

"Delfina. Hutaki hata kumpigia mtu?"

Polaco akamkanyaga kidole. Noemí akapita, taya limekaza. Huyo alikuwa amekuja kuiba na bado anakasirika kwamba hakuna anayemzuia. Kwenye korido akapita chini ya vyeti vitano, taa zake ndogo zikiwaka, na akavinyooshea midomo kama mtu aliyepita jalalani.

Saa nane kamili.

Tak. Taa zikafa. Viyoyozi vikashusha pumzi. Madirishani, mtaa mzima, ukasikika mguno mmoja: "Tenaaa!" Na mwanamke ghorofani akataja mama wa kampuni ya umeme na kazi ambayo mama huyo hakuwahi kuifanya.

Kwenye mlango wa chuma mwisho wa korido, sumaku ikaachia. Polaco akausukuma kwa kidole kimoja.

"Ulaini gani huu," akanong'ona.

Noemí akaviringisha mtungi mwekundu, akauweka kwenye kizingiti. "Usiguswe," akasema, akarudi mbele kumshughulisha Delfina.

SAA NANE NA DAKIKA CHACHE

Chumba chembamba, mashine mbili, kiti kimoja, betri inalia pii, pii. Polaco akakikalia kiti mbele ya skrini. Ulises akapiga magoti pembeni, akachomeka flashi, akaandika jina la kliniki na mwaka.

Ikakataa.

Akafikiri. Akaandika jina la kliniki na mwaka uliopita.

Ikafunguka.

"Hata mwaka hawajabadilisha," akasema.

Mafaili yakaanza kuingia kwenye flashi. Majina yanapita kama abiria kituoni. Watu wa kila namna, kila mmoja na lake, wote pamoja kwenye kipande cha plastiki cha kununua kioski.

"Tafuta mtu," akasema Polaco.

"Tulikubaliana hatufungui."

"Tafuta Barrientos."

Betri ikalia pii.

"Umejuaje?" Ulises akauliza.

"Dogo." Polaco alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ngumi. "Boedo ina vijana wa kompyuta kama mende. Wengine wamesoma, wana vyeti. Kwa nini nilikuchukua wewe? Kwa uzuri wako? Nilimwona dada yako akitoka hapa mwezi wa kumi, macho mekundu. Nikasema, huyu kaka yake ndiye."

"Unataka nini?"

"Etchebarne ana bima. Atalipa mara moja, ataenda kulala. Nimepata mnunuzi anayetaka kufanya kazi nao mmoja mmoja. Hawa wenyewe. Kila mtu na siri yake, kila mwezi, mpaka kaburini. Na wa kuwaandikia ni wewe, mimi hata barua pepe naandikiwa na mwanangu. Na hutakataa." Akagonga skrini kwa ukucha. "Kwa ajili ya huyu."

"Uliapa."

"Niliapa Jumatatu. Leo Alhamisi."

"Na wewe je? Zulema angesomwa hivi, Jumatano zako zote?"

Polaco akacheka kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa swali zuri.

"Zulema haandiki! Unadhani nilimchagua kwa sababu ya paka? Mimi si mjinga, dogo. Wajinga ndio wanaoangalia fremu ukutani." Akavuta kibodi, akachapa kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, ulimi nje. Akapata. Akasoma kwa sauti, kama anasoma bei za nyama. "'Mgonjwa anasema akisikia funguo mlangoni...'"

"Usisome."

"'...hukimbilia bafuni na kujifungia, kila siku, hata sasa. Anajua ni kaka yake tu. Kaka hajui.'"

"Polaco, usisome!"

"Bafuni, eh? Masikini."

Ulises alibaki kwenye magoti yake. Bafuni. Kila jioni anarudi, anatupa funguo mezani, anataka kunawa, bafu limefungwa. Anagonga kwa kiganja. Wewe Rocío, unaoga mara ngapi kwa siku, samaki wewe? Anagonga, anapiga kelele, anacheka. Miaka miwili. Na yeye ndani, mgongo ukutani, anahesabu mpaka moyo utulie ndipo afungue na kusema, samahani, nilikuwa naosha nywele.

Na nywele zilikuwa kavu. Aliona kwamba zilikuwa kavu. Hakuuliza.

Alitamani kuvunja kitu. Skrini, uso, vyeti vyote vitano. Ila Polaco alikuwa na bastola, yeye alikuwa na magoti.

Kwa mbali, juu kwenye balkoni fulani, sufuria ya kwanza ikagongwa. Tang. Tang. Nyingine ikaitika.

"Wameanza," akasema Ulises.

"Bado tuna muda. Imefika wapi hiyo?"

"Inanakili."

"Haya." Polaco alikuwa anapekua, amenogewa sasa, macho yanawaka bluu kwa mwanga wa skrini. "Loo, huyu namjua! Huyu si yule wa duka la vigae? Tazama! Na anavyojidai kanisani!" Bila kugeuka akanyoosha termosi nyuma. "Kajaze maji. Mate yamepoa."

"Umeme hakuna."

"Jiko lao la gesi. Fikiri, dogo, fikiri."

Ulises akapokea termosi kwa mkono wa kushoto. Kwa wa kulia akaichomoa flashi. Haikuwa imefika hata nusu. Akasimama, akaingiza mkono mfukoni, akaikunja kwa dole gumba mpaka ikasema kra. Polaco hakusikia. Alikuwa anasoma mambo ya mtu wa vigae.

SAA NANE NA NUSU, AU KARIBU

Mlangoni akakutana na Noemí, anakuja mbio kwa miguu ya kunyata.

"Chueco kapiga," akanong'ona. "Masufuria yamefika kona. Anarudisha umeme sasa hivi, hana jinsi. Mtoe huyo."

Ulises hakumtoa. Alisimama tu, termosi mkononi.

"Anasoma mafaili," akasema.

"Anasoma nini?"

"Atawauza mmoja mmoja. Wagonjwa. Ana mnunuzi tayari. Alikuwa naye tangu Jumatatu."

Kutoka ndani kikasikika kicheko cha Polaco. "Na mkewe hajui! Na mkewe hajui!"

Noemí akasikiliza kile kicheko. Miaka yote aliandika ripoti, sababu ikiwa ni hii hii, siku mtu fulani atakapokaa kwenye kiti hiki na kucheka hivi. Na aliyemleta mtu huyo, akamwonyesha njia, akampitisha mapokezini, ni yeye.

"Akikamatwa atatutaja," akasema.

"Atatutaja kabla hajakaa chini."

"Nitakwenda jela, Ulises. Kwa umri huu."

"Najua. Na mimi."

"Na mwakani watapewa cheti tena. Unalijua hilo? Kijana yule yule, kalamu ya kuazima. Hakuna kitakachobadilika."

"Najua, sista."

Noemí akauangalia mtungi mwekundu kwenye kizingiti. Ulises alikuwa ameshaanza kuusukuma kwa mguu. Akamzuia kwa mkono. Akainama mwenyewe, akaunyanyua kwa mikono miwili, akautundika kwenye ndoano yake ukutani.

"Mahali pake ni hapa," akasema, anahema. "Na hilo niliandika."

Kisha akaenda mbele kumwambia Delfina ampigie polisi. Ulises alisikia visigino vyake vikigonga marumaru, na sauti ya Delfina, "Polisi wa nini, jamani, si ninyi mpo?"

Mlango, bila mtungi, ukaanza kujirudisha wenyewe polepole. Ulises akaukamata.

"Dogo!" Polaco aliita kutoka ndani, mgongo bado umegeuka. "Ni wewe umesogeza mtungi?"

"Nilijikwaa."

"Rudisha. Na maji yako wapi?"

"Nayafuata."

"Harakisha basi. Hapa nimepata mtu wa..." Sauti ikakatika. Kiti kikalia. Polaco alikuwa ameona mahali ilipokuwa flashi. "Dogo? Ulises. Njoo hapa. Njoo hapa kidogo, mwanangu, tuzungumze."

Nje masufuria yalikuwa mengi sasa, mtaa mzima, tang, tang, tang. Kisha jikoni friji ikakohoa. Taa juu ya vyeti vitano zikapepesa, zikakaa. Nje watu wakapiga makofi kana kwamba timu yao imefunga bao.

Polaco akageuka, mkono unaingia chini ya koti.

Ulises akatoka, akaufunga mlango mpaka sumaku ikakamata, kwa kiganja, taratibu, bila kugonga.